Sura ya Nne: Imekwenda Wapi?

Ukiwa katikati ya mji wa Arusha ukamwambia dereva wa bodaboda "Unga Limited", hatakuuliza unatafuta unga wa nini. Atakupeleka kwenye kata ya nyumba zilizobanana, gereji, mafundi wa kuchomelea vyuma, mama lishe na watoto wanaotoka shule. Jina hilo ni la kampuni ya kusaga nafaka iliyoanzishwa Kenya mwaka 1908 na mlowezi Lord Delamere, ikaja kufahamika Afrika Mashariki nzima. Kinu chake cha hapa kiliupa mtaa jina, na jina likabaki midomoni mwa watu ambao hawajawahi kuona gunia moja la kampuni hiyo.

Nimeanzia hapo kwa sababu kiwanda cha chakula huingia ndani ya watu kuliko kiwanda kingine chochote. Kiwanda cha saruji huingia ukutani, cha nguo huishia mgongoni. Cha unga, maziwa, mafuta au maji ya chupa huingia mwilini na kukaa humo. Anayekiongoza anashughulika na miili ya watu asiowajua, nao hawana namna ya kumkagua. Mteja ataangalia rangi ya unga, atanusa, atasoma nembo ya Shirika la Viwango (TBS) kwenye mfuko, basi. Yaliyobaki amemwachia mtu mmoja aliyekaa ofisini ghorofa ya pili, mwenye cheo cha mkurugenzi mtendaji.

Dhamana hiyo si ile ya mwenye mali, na nchi yetu ina kisa kinachoonyesha tofauti yake waziwazi. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Katika siku zilizofuata serikali ilitaifisha mabenki, kisha kampuni kubwa za kusaga nafaka. Mojawapo ilikuwa Chande Industries, ya familia ya Jayantilal Keshavji Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene, Tabora, na ambaye wengi walimjua kwa jina la Andy. Vinu vikawa vya umma. Halafu Mwalimu Nyerere akamwomba Chande huyohuyo, ambaye mali ya familia yake ilikuwa imetoka kuchukuliwa, aliongoze shirika jipya la usagishaji la taifa, NMC. Akakubali.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Jana yake alikuwa bwana mwenye kinu, leo ni mwajiriwa wa serikali mbele ya mashine zilezile. Faida haikuwa yake tena. Lakini mahindi yalikuwa yanashuka kwenye malori kama jana, na jioni kulikuwa na nyumba zinazosubiri kusonga ugali. Kilichobaki mikononi mwake baada ya mali kuondoka ndicho ninachokiita uongozi wa kiwanda cha chakula, na ndicho sura hii inachokitafuta.

Historia ya NMC baada ya hapo ni ndefu, nami nitaipita haraka. Shirika lilikuja kubebeshwa ununuzi wa nafaka wa nchi nzima, likauza sembe kwa ruzuku mpaka ilipoondolewa mwaka 1984, likazama kwenye madeni. Wazee wa Arusha wanaukumbuka unga wa njano wa mahindi ya msaada, watu wakauita "unga wa Yanga" kwa rangi yake. Waliula kwa sababu haukuwepo mwingine. Enzi hiyo swali la kiongozi wa kinu lilikuwa moja: unga upo au haupo?

Siku hizi unga upo, umejaa madukani kuanzia soko la Kilombero mpaka Usa River, na swali limegeuka. Ndani yake mna nini?

Tuchukue asubuhi ya kawaida kwenye kinu chochote kikubwa cha Arusha, miezi ya mavuno. Malori yamepanga foleni getini tangu alfajiri. Mengi yametoka Babati na Kiteto mkoani Manyara, mengine Dodoma. Dada wa maabara anapanda juu ya shehena na bambo mkononi, anadunga gunia hili, anadunga lile, nafaka zinashuka kwenye kijaluba chake. Dereva amechoka. "Dada yangu, hii gari imelala njiani siku mbili, tusaidie tushushe." Ndani, meneja uzalishaji ametuma ujumbe kwamba kinu kitabaki bila mahindi ikifika saa sita. Kila dakika ya kinu kusimama ina gharama, na kila mtu pale anaijua gharama hiyo isipokuwa huyo dada, ambaye hatakiwi kuijua.

Anachokitafuta ni sumukuvu, hasa aina iitwayo aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga shambani wakati wa ukame, na zaidi ghalani kama nafaka imewekwa kabla haijakauka. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu maikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Tarakimu hiyo haisemi kitu mpaka uipige hesabu. Lori la tani 30 lina kilo 30,000. Zidisha kwa 10, unapata maikrogramu 300,000, yaani miligramu 300. Huo ni uzito wa punje moja ya hindi. Ukiikusanya sumu yote iliyotapakaa ndani ya lori zima, ikazidi uzito wa punje moja, lori hilo halifai kuliwa na binadamu.

Tena sumu haijitawanyi sawasawa. Punje chache zilizooza kwenye kona ya gunia moja zaweza kubeba kiasi cha kuharibu shehena nzima, huku magunia ya jirani yakiwa safi kabisa. Ndiyo maana bambo likidungwa mara tatu tu, kwenye magunia ya juu yaliyo rahisi kufikiwa, majibu yake ni bahati nasibu. Sampuli inatakiwa itoke sehemu nyingi, juu na chini, ichanganywe, isagwe, ndipo ipimwe. Kazi hiyo inakula muda, na muda ndio bidhaa ghali kuliko zote pale getini. Kiongozi anayesema "pimeni vizuri" bila kuongeza mtu wa pili wa kupima na eneo la kuegesha malori yanayosubiri, hajaagiza lolote.

Hatujadili jambo la kufikirika. Mwaka 2016, katika wilaya za Dodoma na Manyara, Kiteto ikiwa mojawapo, watu walianza kuugua: macho ya njano, matumbo kujaa, kutapika. Wagonjwa 68 waliorodheshwa na wapatao 20 walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Hakuna kiwanda kilichohusika, ila mashamba ni yaleyale yanayojaza malori ya Arusha. Miaka 12 kabla ya hapo, mashariki mwa Kenya, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hii hii, foleni ya malori ilijaa Namanga, mwendo usiofika saa mbili kutoka mjini Arusha. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, kwa sharti la cheti kinachothibitisha kwamba shehena iko chini ya kiwango. Wafanyabiashara wengi walililaumu zuio. Mimi nadhani lilitufundisha bure kile ambacho Kenya ilijifunza kwa misiba.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji apunguze mwendo.

Kinu kina njia yake ya kupunguza sumu hata bila kukusudia. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha hindi. Mahindi yakikobolewa na kupatikana sembe nyeupe, sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Ukipima sembe, majibu ni mazuri. Meneja anafurahi, cheti kinatoka, mifuko inapangwa. (Anayekula dona, akiamini kwa haki kabisa kwamba ndiyo yenye lishe, anapata kila kilichokuwemo kwenye punje, ndiyo maana mahindi ya dona yanahitaji uangalizi mkali zaidi.)

Pumba nazo hazitupwi. Zinauzwa siku hiyohiyo kwa foleni nyingine, ya pikapiki na matoroli, zinapanda kwenda Poli, Akheri, Nkoaranga, Sing'isi, kwenye mabanda yaliyojificha ndani ya migomba ambako familia za Wameru zinafuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Ng'ombe anakula pumba. Mwili wake unaigeuza sehemu ya aflatoksini na kuipitisha kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine kidogo, ambayo wataalamu huiita M1. Maziwa yanakamuliwa alfajiri, yanashuka mjini, na mnywaji wa kwanza ni mtoto. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu moto wa jikoni hauiwezi sumu hii. Mama aliyefundishwa kliniki kwamba kuchemsha ndiyo kinga amefanya kila alichofundishwa.

Basi ile sumu iliyoondolewa kwenye sembe imekwenda wapi? Haikufutika. Imehama kutoka kwenye mfuko wenye nembo kwenda kwenye gunia lisilo na nembo. Na kwenye ripoti ya mwezi ya mkurugenzi, safu ya sembe ina majibu ya maabara, safu ya pumba ina bei tu.

Naliona jambo hili kama kipimo cha kiongozi, kipimo kikali kuliko mauzo. Mtu yeyote mwenye bidii anaweza kulinda kilicho ndani ya mfuko wake. Anayefaa kupewa kiwanda cha chakula ni yule anayefuatilia kilichotoka mlango wa nyuma.

Arusha ina somo hilohilo kwa upande wa maji, na huko limeandikwa kwenye meno ya watu.

Mlima Meru, mita 4,566, ni volkano. Miamba yake ina madini mengi ya floraidi, na maji yanayopita ndani yake kabla ya kutokeza chemchemini huyeyusha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuzunguka mlima, mito na visima vingi vinazidi kiwango hicho mara kadhaa, na upande wa Maji ya Chai, ambako mto wenyewe una rangi iliyoupa jina, vipimo vya zaidi ya miligramu 10 si vya ajabu. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga huyapata yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiasi kikiwa kikubwa na kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda. Watu wa huku wanatambuana kwa meno wakikutana Dar es Salaam, na wako wanaofunika mdomo kwa kiganja wanapocheka. Nimewaona, na kila mara huniuma.

Floraidi nayo haiondoki kwa kuchemsha. Kinyume chake, maji yanavyopungua sufuriani ndivyo kinachobaki kinavyozidi kukolea. Hebu fikiria basi kiwanda cha vinywaji, cha sosi ya nyanya, cha maziwa ya mtindi, au kile kinachochachusha ndizi kuwa pombe kama wanavyofanya Banana Investments hapahapa Arusha. Vyote vinategemea maji, na vile vinavyochemsha kwa muda mrefu vinakoleza kila kilichomo. Bosi anayehamishiwa Arusha kutoka Dar es Salaam au Nairobi akaja na fomula yake ya kule, akafungua bomba, ameshakosea kabla ya zamu ya kwanza kuanza. Huku maji hupimwa kwanza, kisha fomula ndiyo hufuata.

Njia za kuiondoa zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kwa miaka mingi kimefanyia kazi mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inavunjwavunjwa, na maji yakipita ndani yake floraidi hunasa. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalotumia teknolojia ya nano, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015. Na mamlaka ya maji Arusha, kupitia mradi wa shilingi bilioni 520 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilichimba visima upande wa Hai kwenye maji yenye floraidi kidogo, ili kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 mpaka milioni 200 kwa siku. Huo ni mradi ambao ningependa kila mwenye kiwanda hapa aujue kwa undani, kwa sababu umebadilisha hesabu za mji mzima.

Viwanda vingi, hata hivyo, hutumia mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Maji yanayotoka ni safi. Lakini mtambo huo una mabomba mawili ya kutokea, na la pili halionekani kwenye matangazo. Ingiza lita 1,000 zenye miligramu 5 za floraidi kwa kila lita. Chukua lita 700 safi, zenye miligramu 0.3. Piga hesabu ya zilizobaki: lita 300, na ndani yake floraidi imekolea kufikia karibu miligramu 16 kwa lita. Lita hizo 300 lazima ziende mahali. Zikiingia mtaroni, mtaro unaingia Themi, Themi inashuka mpaka Kikuletwa, na Kikuletwa inalisha bwawa la Nyumba ya Mungu. Njiani kote huko kuna bustani za mchicha, vitunguu na nyanya, kuna mifugo, kuna watu wanaochota. Na zikitumika kuosha sakafu za kiwanda, jambo ambalo kwa macho ni uangalifu wa maji, bado zitaishia mtaroni kulekule.

Pumba kwenye kinu, bomba la pili kwenye mtambo wa maji. Ni jambo lilelile.

Kuna watakaosema sheria ndiyo inayopaswa kuamua. Sheria ina kazi yake, na tangu 2019 usalama wa chakula umehamishiwa TBS kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, hivyo mwenye kiwanda anajua mlango wa kubisha. Lakini tukumbuke jinsi kiwango kinavyozaliwa. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu floraidi mpaka miligramu 8 kwa lita kwenye maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa mpaka 4, na mwisho 1.5. Waliopanga 8 hawakuwa wabaya. Walijua kwamba wakiweka 1.5, vijiji vingi kuzunguka mlima huu vingebaki bila chanzo chochote halali cha maji. Kiwango kilipimwa kwa uwezo wa nchi wakati ule, ilhali mfupa wa mtoto haukungoja nchi ipate uwezo. Kwa hiyo mkurugenzi anayesema "tuko ndani ya kiwango" amejibu swali la mkaguzi. La mnywaji bado hajalijibu.

Ndani ya kiwanda, mambo haya huamuliwa na vitu ambavyo haviitwi uamuzi. Mkuu wa maabara anaripoti kwa nani? Katika viwanda vingi nilivyovisikia na kuvitembelea, anaripoti kwa meneja uzalishaji, na meneja huyo bonasi yake inahesabiwa kwa tani. Ukishapanga hivyo, huhitaji mtu mwovu. Kila mtu atafanya kazi yake kwa uaminifu na mahindi mabaya yataingia, kwa sababu dada wa bambo anajua ni nani anayeandika tathmini yake ya mwaka. Maabara iripoti kwa mkurugenzi mwenyewe. Neno lake la kukataa lisipinduliwe na mtu mwingine yeyote, na likipinduliwa na mkurugenzi, aandike kwa mkono wake na kutia sahihi. Nimeona kalamu ikifanya watu wafikiri upya.

Na kikao cha asubuhi. Ukitaka kumjua kiongozi wa kiwanda, sikiliza swali lake la kwanza kwenye kikao hicho. Wengi huuliza tani. Yupo mmoja, simtaji jina kwa kuwa hakuniruhusu, aliyezoea kuanza hivi: "Jana tumekataa nini?" Zikipita wiki mbili jibu likiwa "hatujakataa kitu, mzee", alikuwa anavaa koti jeupe na kushuka getini mwenyewe kupanda juu ya lori. Hakuamini kwamba dunia imekuwa safi ghafla.

Ila hata kukataa kuna mlango wa nyuma, na hapa sina jibu la raha. Lori lililogeuzwa getini saa nne asubuhi haliendi kutupwa. Mwenye mzigo amekopa, ana ada za watoto, na hakuiona sumu kama ambavyo hakuna aliyeiona. Mchana mzigo unashushwa gunia moja moja kwenye mashine ndogo za kukoboa na kusaga mitaani, zikiwemo za Unga Limited, ambako hakuna maabara wala bambo. Kinu kikubwa kimejilinda, na ugali wenye sumu umeliwa kilomita mbili kutoka ukutani kwake. Mkurugenzi anaweza kuwapigia simu TBS, na anapaswa. Mzigo unaweza kuzuiwa, hata kuteketezwa kwa amri. Lakini hasara yote inamwangukia mkulima wa Kiteto, na mwakani hatapita kwenye geti lenye maabara. Ataanza moja kwa moja mtaani.

Kwa hiyo kazi inarudi nyuma zaidi, mpaka shambani, kabla sumu haijawa sumu. Turubai za kuanikia ili mahindi yasilale kwenye udongo. Kipimo cha unyevu mikononi mwa wakala wa kijijini. Bei ya juu kidogo kwa nafaka iliyokauka, inayolipwa papo hapo, wala si kuahidiwa tu. Na kuna dawa iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, ambayo A to Z, kiwanda cha Kisongo kinachofahamika kwa vyandarua, kiliingia kuitengeneza na kuisambaza. Ndani yake mna kuvu wa jamii ileile ya Aspergillus, waliochukuliwa humuhumu nchini, ila hawa hawana uwezo wa kutengeneza sumu. Wamepakwa kwenye punje za mtama zilizouawa ili zisiote. Zikimwagwa shambani wanazaliana na kuwanyima nafasi wenzao wabaya. Zinatosha kilo 4 kwa ekari, zinarushwa kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili mpaka tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Wiki hizo mbili au tatu ndizo ningependa kuziona kwenye shajara ya mkurugenzi wa kinu cha Arusha. Ni wakati ambao ghala lake bado lina mzigo wa msimu uliopita, geti limetulia, na hakuna ripoti inayomdai. Barabara ya Kibaya, kule Kiteto, ina tope. Mahindi yamemfika kiunoni, na mkulima aliye mbele yake, ndoo mkononi, anachovya kiganja na kurusha.